Jiwe Hili Utalivaa Wapi? Mwongozo wa Vito kwa Anayeanza

Wengi wanaokuja kuagiza pete huanza kwa kutaja jina: nataka zumaridi, nataka tanzanaiti, nataka almasi. Mimi huwarudisha nyuma hatua moja. Utaivaa kila siku au siku za shughuli tu? Mikono yako inashika nini kutwa? Ni pete kweli unayoitaka, au hereni zingekufaa zaidi? Kazi yangu ni kukalisha mawe kwenye dhahabu na fedha, na kuyapokea tena yanaporudi yamechoka. Ndiyo maana nasema jina la jiwe liwe swali la mwisho. La kwanza ni mahali litakapokaa mwilini.

Anza na ugumu

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alichagua madini kumi akayapanga kwa kigezo kimoja: lipi linakwaruza lipi. Talki, ambayo hata ukucha wa kidole unaichimba, ikapewa 1. Almasi ikapewa 10. Kipimo hicho ndicho tunachokitumia hadi leo. Rubi na safaya, ile yakuti samawi, ziko 9. Spineli na topazi ziko 8. Zumaridi na akwamarini ziko kati ya 7.5 na 8. Ametisti na jamaa zake wa kwatzi wako 7. Tanzanaiti ni 6 hadi 7, opali 5.5 hadi 6.5, feruzi 5 hadi 6, na lulu inaanzia 2.5 tu. Usidhani hatua hizi zinalingana. Kutoka 9 kwenda 10 ni mruko mkubwa, kwani almasi inaizidi rubi kwa ugumu takriban mara nne.

Namba ya kukariri ni 7. Vumbi la kawaida, lile linalotua mezani na kwenye nguo, lina chembe za kwatzi ndani yake. Kila unapofuta pete kwa upindo wa nguo, unaisugua kwa chembe hizo. Jiwe la 8 au 9 halidhuriki. Lililo chini ya 7 linakwaruzika kidogo kidogo bila wewe kugundua. Nimewahi kuweka chini ya kioo cha kukuzia pete ya tanzanaiti iliyovaliwa kila siku, na kando yake hereni za tanzanaiti za mama huyohuyo. Kwenye hereni, kila ukingo ambapo nyuso mbili za jiwe hukutana ulikuwa mstari mmoja mkali. Kwenye pete kingo hizo zilikuwa zimeviringika, na uso wa juu umejaa mikwaruzo myembamba iliyopishana, mwanga unatawanyika juujuu badala ya kuingia ndani na kurudi na rangi. Jiwe lilikuwa zuri tangu mwanzo, ila lilipelekwa kidoleni lilipopaswa kwenda sikioni.

Lakini kutokukwaruzika si sawa na kutokuvunjika. Almasi ni mfano mzuri. Ndani ya fuwele yake kuna pande nne ambazo inapasuka kirahisi, na wakataji wa zamani walizitumia kuligawa jiwe kwa pigo moja. Kwa hiyo anayekwambia uijaribu almasi kwa nyundo anakuharibia mali. Topazi nayo ina upande mmoja wa namna hiyo. Kinyume chake, jedi ya aina ya nefraiti ina 6 hadi 6.5 tu, lakini nyuzi zake za ndani zimesokotana kiasi kwamba watu wa kale waliichongea mashoka.

Jiwe linalonifanya nipunguze mwendo mezani ni zumaridi. Karibu kila zumaridi ina nyufa ndani. Kabla ya kuikalisha naigeuza polepole chini ya mwanga nikitafuta ufa unaofika hadi kiunoni, yaani ule ukingo mpana unaolizunguka jiwe, na mahali hapo siweki ukucha wa dhahabu, kile kijino kinachoshika jiwe, hata kama mchoro wa pete unautaka hapo. Shinikizo dogo la koleo likiangukia penye ufa, jiwe linakatika mbele ya macho yako. Pembe kali nazo huwahi kuvunjika, ndiyo maana zumaridi nyingi hukatwa mstatili wenye pembe zilizopunguzwa. Kama umeipenda zumaridi kwa pete, mwombe fundi aizungushie ukuta wa dhahabu pande zote badala ya kuishikilia kwa kucha nne zilizosimama.

Kwa pete ya kila siku mimi hupendekeza almasi, rubi, safaya au spineli. Zumaridi na akwamarini zinafaa pete inayovuliwa kabla ya kazi. Tanzanaiti, opali, feruzi na lulu zipeleke shingoni na masikioni, huko zitadumu.

Majina mengi, koo chache

Ukishajua koo, nusu ya mkanganyiko inaisha. Rubi na safaya ni madini mamoja, korundamu, yaliyoundwa na alumini na oksijeni. Korundamu safi haina rangi. Chembe kidogo za kromiamu zikiingia inakuwa nyekundu, tunaiita rubi. Chuma na titani zikiingia pamoja inakuwa bluu. Rangi nyingine zote, njano, waridi, kijani, zambarau, huitwa safaya na kutajwa kwa rangi yake, kwa hiyo ukisikia safaya ya njano usidhani umedanganywa. Zumaridi na akwamarini nazo ni ndugu wa ukoo wa berili. Ametisti na sitrini ni kwatzi, na sitrini nyingi zinazouzwa zilianza maisha kama ametisti zikachomwa hadi zikageuka njano. Kinachonivutia kila mara ni kwamba kromiamu ileile inayoitia rubi wekundu ndiyo huitia zumaridi ukijani. Tofauti iko kwenye jiwe linaloipokea.

Watu wengi wanajua ganeti nyekundu tu. Tsavoraiti pia ni ganeti, kijani kibichi, na mgunduzi wake Campbell Bridges aliikuta kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967 kabla ya kuipata tena Kenya, karibu na Tsavo. Mwaka huohuo wa 1967 tanzanaiti ilijulikana huko Merelani, chini ya Mlima Kilimanjaro. Ni zoisaiti iliyopata rangi kutokana na vanadiamu, na hadi leo hakuna machimbo mengine duniani yanayoitoa kibiashara.

Spineli imeonewa sana na historia. Zamani kila jiwe jekundu linalopitisha mwanga liliitwa rubi, na jiwe kubwa jekundu lililo mbele kwenye taji la kifalme la Uingereza, linalojulikana kama Black Prince's Ruby, ni spineli. Ni jiwe gumu, halina mpasuko wa hatari kama wa topazi, na kwa kawaida huvaliwa na rangi lililochimbwa nayo. Mtu akinipa nafasi ya kumshauri, spineli huwa ya kwanza kwenye ulimi wangu.

Utasikia pia mgawanyo wa "vito vya thamani" vinne, yaani almasi, rubi, safaya na zumaridi, na vingine vyote kuwekwa daraja la pili. Usiufuate. Ametisti ilikuwa jiwe la wakubwa mpaka machimbo makubwa ya Brazili yalipoijaza dunia katika karne ya 19, na uzuri wake haukubadilika hata kidogo. Tsavoraiti iliyokolea na kukatwa vizuri inaipita kwa mbali zumaridi yenye ukungu.

Namna ya kuliangalia jiwe

Usilihukumu jiwe chini ya taa za duka peke yake. Taa zile huwekwa ili kila kitu kimetemete. Omba ulisogeze dirishani, kisha uliweke kivulini, kisha chini ya balbu ya njano. Rubi hupendeza chini ya balbu ya njano, safaya iliyokolea sana hugeuka karibu nyeusi. Tanzanaiti huonyesha bluu zaidi mchana na zambarau zaidi chini ya balbu hiyo, na ukiigeuza mkononi utaziona rangi hizo mbili zikipeana zamu. Aleksandraiti, iliyojulikana kwanza kwenye milima ya Urali ya Urusi miaka ya 1830, inatoka kijani mchana hadi nyekundu chini ya balbu. Unapoangalia rangi jiulize mambo matatu: ni rangi gani hasa, imekolea kiasi gani, na je, ni nyepesi mno au giza mno. Mawe mengi yanayosifiwa kuwa "yamekolea" ni ya giza tu.

Kisha angalia mkato. Liweke jiwe la rangi juu ya karatasi yenye maandishi, uso wa juu ukikutazama. Ukiweza kusoma herufi kupitia katikati yake, limekatwa bapa mno: mwanga unapita moja kwa moja hadi chini badala ya kurudi jichoni. Ukiona upande mkubwa mweusi usiobadilika hata ukiligeuza, limekatwa refu mno kwenda chini ili uzito usipotee. Wakataji hufanya hivyo kwa sababu jiwe linauzwa kwa karati, yaani kwa uzito, na anayelipia karati hizo zisizoonekana ni wewe.

Kwa almasi mkato unazidi kila kitu. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky alichapisha hesabu za pembe zinazorudisha mwanga vizuri kwenye almasi ya duara, na mkato wa leo wenye nyuso 57 au 58 unatokana na hesabu za namna hiyo. Almasi yenye doa dogo lakini iliyokatwa vizuri itang'aa. Isiyo na doa iliyokatwa vibaya itakaa imepoa kidoleni.

Karati moja ni gramu 0.2, yaani karati tano ni gramu moja. Ni uzito, si ukubwa. Rubi ni nzito kuliko almasi, na almasi ni nzito kuliko zumaridi, hivyo mawe matatu ya karati moja yatakuwa na sura tatu tofauti: zumaridi kubwa kuliko yote, rubi ndogo kuliko yote. Almasi ya duara ya karati moja huwa na upana wa karibu milimita 6.5. Omba vipimo kwa milimita kila mara, hasa kama unaagiza jiwe bila kulishika.

Kioo cha kukuzia mara kumi

Nunua kimoja, ni chombo chenye faida kuliko vyote kwa anayeanza. Watu wengi wanakishika vibaya: wanakiweka karibu na jiwe na kichwa mbali. Fanya kinyume. Kilete kioo hadi karibu kigusane na nyusi, macho yote mawili yawe wazi, egemeza viwiko mezani, kisha lilete jiwe taratibu hadi lionekane wazi, karibu sentimita mbili na nusu hivi. Mkono unaoshika jiwe uguse mkono unaoshika kioo ili visitikisike.

Ndani ya safaya ya asili unaweza kuona sindano nyembamba sana zilizopishana kwa pembe zilezile. Zikiwa nyingi na jiwe likikatwa la mviringo lisilo na nyuso, ndizo zinazotoa nyota yenye miale sita. Ndani ya zumaridi utaona nyufa, vimiminika na fuwele ndogo zilizokaa pamoja kama kichaka. Usiogope uchafu huu. Ni ushahidi wa ardhini, na mradi haufiki juu wala hauzimi mwanga, haulipunguzii jiwe maisha. Zumaridi kubwa, ya kijani kikali, safi kabisa ndani, ndiyo ninayoigeuza mara nyingi zaidi kabla ya kusema neno.

Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia yake ya kutengeneza rubi kwa kuyeyusha unga kwenye mwali wa moto, na rubi za namna hiyo zipo sokoni tangu hapo. Kemia yake ni ya rubi, ugumu ni wa rubi, ila limekua kwa tabaka zilizopinda. Ukitazama kwa subira utaona mistari iliyopinda, na pengine viputo vya gesi vya mviringo. Mistari ya ukuaji wa asili hunyooka na kukutana kwa pembe. Vioo vya kawaida, vile mafundi wanavyoviita chupa, navyo vina viputo na mawimbi, na kingo zake huwahi kuviringika kwa kuwa ni laini.

Majaribio ya mtaani achana nayo. Kukwaruza kioo cha dirisha hakuthibitishi chochote, kwa sababu kwatzi, rubi ya kutengenezwa na mawe mengine mengi yote yanakikwaruza. Vile vifaa vinavyopima almasi kwa jinsi inavyopitisha joto vinadanganywa na moisanaiti, jiwe la maabara linalofanana na almasi, kwani nayo hupitisha joto vizuri. Moisanaiti itafute kwa kioo cha kukuzia: itazame kwa pembe kidogo, na kingo za nyuma zitaonekana mbilimbili. Zirkonia ya maabara, mwigo mwingine wa almasi, hujulikana kwa uzito ikiwa haijakalishwa bado, maana kwa ukubwa uleule inaizidi almasi zaidi ya mara moja na nusu. Almasi iliyokuzwa maabara ni kisa kingine, hiyo ni almasi kweli, kaboni ileile na ugumu uleule. Jicho haliwezi kuitenga na ya mgodini. Hapo ni kazi ya mitambo ya maabara.

Swali la kumuuliza muuzaji

"Hili ni halisi?" ni swali dhaifu, kwa sababu muuzaji anaweza kujibu ndiyo bila kusema uongo na ukaondoka umeumia. Uliza hivi: jiwe hili limefanyiwa nini?

Kuchomwa ni kwa kawaida na hakuna ubaya. Rubi na safaya nyingi huchomwa, mara nyingi zaidi ya nyuzi joto 1,000, na rangi inayopatikana haiondoki. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na ukahawia, zikapata ule ubluu kwenye tanuri la nyuzi joto 500 hadi 600. Topazi ya bluu kali karibu zote zimepigwa mionzi kisha kuchomwa. Rangi hizo ni za kudumu, unachotakiwa ni kujua tu.

Zumaridi hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane sana. Ni desturi ya zamani na inakubalika, lakini uliza ni kiasi gani: kidogo, cha wastani au kingi? Mafuta hukauka, jiwe likaonekana limezeeka ghafla. Ndiyo sababu zumaridi haiingizwi kwenye mashine ya kuosha kwa mitikisiko wala kwenye maji ya moto.

Linalonikera ni rubi iliyojazwa kioo chenye risasi. Huchukuliwa korundamu mbovu iliyojaa nyufa, nyufa zikajazwa kioo hicho, na jiwe linatoka jekundu na safi. Chini ya kioo cha kukuzia, ukiliinamisha, utaona mmeto wa bluu ukipita ndani ya nyufa, na viputo vilivyolala bapa humohumo. Nimeletewa pete ya aina hiyo kurekebishwa ukubwa, mwenyewe ameambiwa na aliyemuuzia kwamba ni rubi ya asili, basi. Tindikali tunayosafishia dhahabu baada ya kuunga ingekila kioo hicho na kuacha jiwe lenye mifereji. Hata maji ya limau yanaweza kukiumiza. Mtu huyo alistahili kuambiwa kabla hajatoa pesa yake.

Jibu la muuzaji liandikwe kwenye risiti, kwa maneno: aina ya jiwe, la asili au la maabara, limechomwa, limetiwa mafuta au limejazwa. Muuzaji mwaminifu haoni tabu. Kwa jiwe kubwa omba ripoti ya maabara inayojitegemea, kama GIA, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1931, au SSEF na Gübelin za Uswisi. Usiridhike na karatasi. Ingiza namba ya ripoti kwenye tovuti ya maabara yenyewe, kisha linganisha uzito na milimita za jiwe lililo mbele yako. Almasi nyingi zina namba hiyo imechorwa kwa leza kiunoni, na kwa kioo cha mara kumi inasomeka.

Hivyohivyo kwa asili ya jiwe. Mogok ya Myanmar kwa rubi, Muzo ya Kolombia kwa zumaridi, Kashmir kwa safaya, haya ni majina makubwa na yanapandisha bei. Montepuez ya Msumbiji inatoa rubi zinazosimama nazo uso kwa uso. Bila ripoti, jina la mahali ni maneno tu, na mimi ningechagua rangi inayonipendeza.

Lulu, kaharabu na opali

Hivi vina tabia zake. Lulu hutoka kwenye chaza, na nyingi zinazouzwa leo ni za kufugwa, kazi ambayo Mjapani Kokichi Mikimoto alianza kufanikiwa nayo mwaka 1893. Isugue taratibu kwenye ncha ya jino la mbele: lulu hukwaruza kidogo kama yenye chembe, ya plastiki huteleza. Jasho, manukato na chochote chenye uchachu huila. Ivae mwisho baada ya kujipaka kila kitu, ivue kwanza, ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu. Uzi wake uwe na fundo kati ya lulu na lulu ili ukikatika upoteze moja.

Kaharabu ni utomvu wa miti ulioganda miaka mamilioni. Huelea kwenye maji ya chumvi nyingi, na plastiki nyingi huzama. Opali ina maji ndani yake, hivyo joto la ghafla linaweza kuipasua. Itazame pia kwa ubavu: ukiona mstari ulionyooka, ni vipande vilivyogundishwa, na hivyo havilowekwi majini.

Baada ya kulipata

Almasi, rubi, safaya na spineli zisizojazwa zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini, hasa nyuma ya jiwe, mahali mafuta ya mwili yanapogandia. Kila pambo liwe na mfuko wake, kwani almasi moja ndani ya kisanduku inatosha kukwaruza vingine vyote. Ukipeleka pete kwa fundi, mwambie ni jiwe gani kabla hajawasha moto. Tanzanaiti, opali na zumaridi lazima zitolewe kwanza.

Na uwe na mazoea ya kukagua kucha zinazoshika jiwe. Pitisha kitambaa chenye manyoya juu yake. Kikinasa uzi, ukucha umeinuka. Kisha isogeze pete sikioni na uigonge taratibu kwa kidole. Ukisikia jiwe linacheza, vua, funga kwenye karatasi, usiivae tena mpaka fundi ameikaza.